Tone liko sebuleni, tundu liko kwingine: namna ya kutafuta na kuziba paa linalovuja

Mvua ya kwanza ya Dodoma haipigi hodi. Tangu Mei bati limekaa kavu, vumbi limelala kwenye mabonde yake, kisha siku moja mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba wingu linajikusanya mchana, upepo unatangulia na mchanga, na kabla hujamaliza kuanua nguo unasikia tone likigonga mto wa kochi. Usiku huohuo vitanda vinahamishwa na sufuria zote za jikoni ziko sakafuni.

Napaua na kukarabati mapaa hapa mjini tangu nikiwa kijana wa kupandisha mbao, kuanzia Chang'ombe na Nkuhungu hadi Nzuguni na Iyumbu. Kosa ninalokutana nalo kuliko mengine yote ni hili: mtu anaona doa kwenye dari, anapanda juu, anatafuta bati lililo juu ya doa, anapaka silikoni, anashuka. Mvua inayofuata doa liko palepale. Maji hayadondoki pale yalipoingilia. Huingia kwenye tundu la msumari, hutambaa chini ya bati mpaka yakute papi, yaani mbao inayolaliwa na bati, huifuata papi hadi kwenye kenchi, ile fremu ya mbao inayobeba papi, huteremka na kenchi, ndipo yanaachia. Nimewahi kukuta tundu likiwa mita tatu juu ya doa. Kwa hiyo hapa nitakaa sana kwenye kutafuta. Kuziba kwenyewe, ukishajua unachoziba, mara nyingi ni kazi ya asubuhi moja.

Msimu wetu ni mmoja, Desemba hadi Aprili, na mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600. Ni ndogo ukilinganisha na Pwani, lakini huja kwa fujo, mvua kubwa ndani ya saa moja. Muda mzuri wa kazi ni Septemba hadi katikati ya Novemba: bati limekauka, vizibio vinashika, na mafundi bado hawajawa adimu. Desemba ikishaingia kila mtu anamtafuta fundi siku moja.

Kama inanyesha sasa hivi

Usipande juu. Bati lililolowa linateleza kama sabuni, na radi za huku si za kujaribu. Kazi yako iko ndani. Maji yakitokea karibu na taa, feni au soketi, zima swichi kuu, kwa sababu maji hufuata mabomba ya nyaya ndani ya dari na kutokea kwenye balbu. Dari ya jipsamu ikianza kutuna, weka ndoo chini yake na uitoboe katikati kwa bisibisi ili maji yatoke taratibu. Tundu hilo utaliziba baadaye kwa plasta kidogo. Ukiiacha ijae, ubao mzima utashuka.

Kisha chukua penseli. Zungushia kila doa mstari, andika pembeni tarehe, saa, na upepo ulikotoka. Hii ni nusu ya uchunguzi, na haina gharama. Doa linalotokea pale tu mvua inapokuja na upepo wa mashariki lina sababu tofauti na doa linalotokea kila mvua. Doa linalochelewa nusu saa tangu mvua ianze linakwambia maji yanajikusanya mahali, mara nyingi kwenye gata lililoziba, mpaka yanafurika. Linalotokea papo hapo, njia ya maji ni fupi.

Hakikisha ni paa kweli

Kabla hujamlaumu aliyepaua, angalia vitu vitatu. Kama kuna simtanki au bomba linalopita juu ya dari, funga maji usiku mzima uone kama doa linakauka. Kama unyevu uko chini ya ukuta, karibu na sakafu, hilo ni tatizo la msingi. Na kama matone yanatokea alfajiri za Juni na Julai wakati hakuna wingu hata moja, hilo ni jasho la bati: hewa yenye unyevu ya watu waliolala au ya jikoni inapanda, inakutana na bati la baridi, inageuka maji. Dawa yake ni kuruhusu hewa kupita chini ya paa. Silikoni haitasaidia kitu.

Anza ndani ya dari

Watu hukimbilia ngazi ya nje. Mimi huanza ndani, saa saba mchana, jua likiwa utosini. Zima taa, kaa kimya dakika tano macho yazoee giza, na utaona matundu yakiwaka kama nyota. Kila nyota, pitisha unyasi au kipande cha waya mwembamba utokeze nje, ili ukiwa juu ulione. Mwanga unaoonekana chini ya kofia ya paa, lile bati linalofunika kilele, au kwenye ukingo ni wa kawaida, usikutishe.

Sasa washa tochi na uangalie mbao, si bati. Maji yakipita kwenye mbao huacha alama: mchirizi mweusi, ukingo mweupe wa chumvi, au duara la kutu kuzunguka msumari. Tafuta alama hiyo juu ya doa, kisha ifuate kuelekea kwenye kilele. Tundu liko upande wa juu wa mteremko. Isipokuwa mvua ya upepo, ambayo huweza kusukumwa kupanda kidogo kwenye maungio, maji hayapandi.

Kanyaga mbao tu. Jipsamu haimbebi hata mtoto.

Ukiwa huko, gonga kila papi kwa mpini wa bisibisi. Mbao nzima hulia kwa ukali, iliyoliwa na mchwa hulia butu. Ukisikia mlio huo, choma kwa ncha; ikizama bila nguvu, papi hiyo haishiki tena msumari, na hapo tatizo lako si uvujaji pekee, kwa sababu upepo mmoja wa nguvu unaweza kuezua upande huo. Dodoma na Singida mchwa ni adui mkubwa wa mapaa, na mbao laini zinazotoka Mafinga, kama hazikuwekwa dawa, kwao ni chakula. Fuata njia zao za udongo ukutani mpaka chini. Kubadilisha papi bila kukata njia hiyo ni kuwaongezea akiba.

Mwisho, pima. Chukua umbali wa alama ya juu kabisa kutoka kuta mbili za nje. Ukienda juu, kumbuka kuongeza sehemu ya paa iliyotoka nje ya ukuta, na kwamba mteremko ni mrefu kuliko umbali uliopima kwa mlalo. Wengi husahau hayo mawili, wanatafuta tundu nusu mita pembeni na kusema halipo.

Kupanda juu

Nitasema kwa ufupi, lakini naomba ulichukue kwa uzito kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa sababu nimewaona walioanguka. Panda saa moja au saa mbili asubuhi, kabla bati halijawa moto na upepo haujaamka. Julai na Agosti upepo huanza mapema. Asubuhi ikianza kupuliza, ahirisha. Usiwe peke yako. Kwa kila mita nne za kimo, miguu ya ngazi iwe mita moja kutoka ukutani, na ngazi ipite ukingo wa paa kwa karibu mita moja ili uwe na pa kushika. Vaa raba zenye soli laini. Kanyaga kwenye mstari wa misumari, kwa maana chini yake ndipo papi ilipo. Katikati ya papi mbili bati litabonyea, na kila unapobonyeza unafungua maungio mapya. Kama paa ni kali, yaani lina mteremko mkubwa, au bati limechoka, funga kamba upande wa pili wa nyumba ipite juu ya kilele na ujifunge nayo.

Kuna nyumba na majengo ya zamani yenye mabati ya kijivu ya asbesto, yanayoonekana kama saruji yenye mawimbi. Hayo usiyapande, usiyatoboe, usiyakate wala kuyafagia. Hupasuka chini ya mguu, na vumbi lake huua mapafu miaka mingi baadaye. Kazi hiyo ni ya watu wenye vifaa vya kujikinga, na baraza la mazingira, NEMC, ndilo la kuuliza kuhusu mahali pa kuyatupa.

Angalia kwa mpangilio huu

Katika mapaa ya bati ninayoitiwa, bati lenyewe kutoboka ni nadra. Kinachovuja ni mahali ambapo mtu alitoboa, aliunga au alikunja. Kwa hiyo anza na misumari, nenda kwenye maungio, kisha kofia ya kilele, kisha bondeni pale mapaa mawili yanapokutana, kisha ukutani, kisha kila kitu kilichotoboa paa: nguzo ya dishi, miguu ya sola, bomba la choo, dohani. Malizia na gata.

Dishi liangalie mara mbili. Mama mmoja wa Makole aliniita baada ya mafundi watatu kumpaka lami. Nilimwamkia, akaniambia, "Marahaba mwanangu. Mimi nimechoka. Hii lami imeshakuwa nzito kuliko bati." Nilikuta kweli lami ilikuwa imetapakaa upande mzima wa chumba chake. Maji yalikuwa yanaingia kwenye tundu moja la skrubu ya dishi la zamani lililokwisha kuondolewa, juu karibu na kilele, tundu ambalo hakuna aliyeliziba kwa kuwa hakuna kitu tena pale. Skrubu moja na kiraba chake vilimaliza kazi. Kumkwangulia ile lami ndiko kulikochukua siku mbili.

Jaribio la maji

Kama umeangalia na bado huna uhakika, usikisie. Mmoja akae ndani ya dari na tochi, mwingine awe juu na maji. Anza chini kabisa, ukingoni, mwagia sehemu ndogo kwa dakika tano hadi kumi, kisha panda nusu mita, mwagia tena. Ukianzia juu, maji yatateremka juu ya kila kitu na hutajua lipi limeingiza. Aliye ndani akiona unyevu, apige kelele, na wewe weka alama ya chaki hapohapo.

Najua maji hapa ni ya kuhesabu. Huhitaji mpira wa bustani unaomwaga saa nzima. Keni ya kumwagilia miche na ndoo tatu za lita 20 zinatosha eneo moja, na ukiweka beseni chini ya ukingo utayarudisha. Jambo muhimu ni kumwaga polepole kama mvua. Usielekeze maji kwa nguvu kwenda juu chini ya maungio, kwa sababu hata paa lisilo na kasoro litavuja kwa namna hiyo.

Kutengeneza: misumari

Bati la chuma lenye urefu wa mita 3, likitoka nyuzi 20 alfajiri hadi nyuzi 60 mchana, hurefuka karibu milimita moja na nusu. Usiku hurudi. Mara mia tatu na zaidi kwa mwaka bati linamvuta msumari huku na huku, na mbao nayo inakauka na kusinyaa. Ndiyo maana msumari huchomoka wenyewe bila mtu kuugusa, na kile kiraba chini ya kofia yake hukauka kwa jua hadi kinapasuka.

Kuupigilia msumari ule ule urudi ndani ni kazi ya msimu mmoja. Tundu la mbao limeshapanuka. Ung'oe kwa kuweka kibao chini ya nyundo usilibonyeze bati, kisha funga skrubu ya bati yenye washa ya raba, ndefu kidogo na nene kuliko msumari, katika tundu lilelile kama papi bado ni nzima. Kama papi imeoza pale, sogeza sentimita tano kwenye mbao nzuri, na lile tundu la zamani liweke kiraba na kizibio.

Skrubu ikazwe mpaka raba ianze kutokeza kidogo pembeni ya washa, basi. Ukizidisha, raba inapasuka na bati linabonyea kuwa kikombe cha kuhifadhi maji. Na iwe juu ya mgongo wa bati, kamwe isiwe kwenye bonde la wimbi la bati ambako maji yanapita. Nikikuta nyumba ambayo aliyepaua alipigilia bondeni, namwambia mwenye nyumba ukweli: hapa hatutengenezi msumari mmoja, tunahamisha yote.

Kingo za paa na kilele ndizo upepo unazoanza nazo. Huko weka skrubu kila mgongo wa pili, hata kama katikati umeweka chache. Hakikisha pia kenchi zimefungwa ukutani kwa waya au bati la utepe lililozamishwa kwenye zege, si kwa msumari tu.

Maungio

Pembeni, bati moja linapaswa kulala juu ya jingine kwa wimbi moja na nusu hadi mawili. Juu na chini, angalau sentimita 15 kwenye paa kali, na 20 hadi 30 kwenye paa lililolala. Pungufu ya hapo, maji hupenya. Na hata pakitosha kuna kitu kingine: vumbi letu. Miezi saba ya ukame huingiza udongo mwembamba kati ya mabati mawili, na mvua ikija udongo huo huyanyonya maji na kuyapandisha kama utambi wa taa.

Legeza skrubu za maungio, inua ukingo kidogo, toa vumbi kwa brashi kavu na kitambaa, laza utepe wa kuzibia wa butili, aina ya mpira unaonata, urefu wote, kisha funga tena. Kupaka kizibio juu ya ukingo kwa nje ni kujidanganya. Vumbi liko ndani, na bati likicheza kizibio kinabanduka kama ganda. Ukiwa unajenga upya, anza kulaza mabati kutoka upande ule ambao mdomo wa maungio utaupa upepo mgongo. Upepo wetu mwingi hutoka mashariki na kusini-mashariki.

Kuhusu silikoni: inuse kabla ya kununua, au muulize muuzaji. Ile inayonuka kama siki hula tabaka la zinki kwenye bati, na baada ya mwaka utakuta kutu chini ya kizibio chako. Taka ile isiyo na harufu hiyo, inayotumika kwa chuma, au kizibio cha polyurethane. Kamwe usikipake juu ya vumbi, na kamwe usikipake juu ya silikoni ya zamani.

Kilele na bondeni

Kofia ikivuja mvua ya upepo, inua kipande kimoja uangalie chini yake. Fundi makini hukunja ndimi za bati kwenda juu kwa koleo, pale zinapoishia chini ya kofia, ili maji yanayosukumwa na upepo yagonge mkunjo na kurudi. Nyumba nyingi hazina mkunjo huo. Kuzikunja ni kazi ya mkono tu. Ukimaliza, rudisha kofia zikipandana sentimita 15.

Bondeni ndiko kunakobeba maji ya mapaa mawili kwa pamoja, na ndiko majani ya mwarobaini yanakojaa. Mwarobaini ni baraka ya kivuli katika mji huu, sishauri mtu aukate, lakini majani yake madogo hujenga tuta dogo, vumbi linayagandisha, na mvua ya kwanza inapanda juu ya kingo na kuingia ndani. Safisha Novemba. Acha nafasi wazi ya sentimita 10 au zaidi kati ya ncha za mabati ya pande mbili, ili majani yapite. Kama bati la bondeni limetoboka, usilipachike viraka. Libadilishe lote kwa bati la geji 28 au nene zaidi. Kumbuka namba ya geji ikiwa ndogo, bati ni nene.

Paa linapogusa ukuta

Hapa ndipo saruji imetutia hasara kubwa. Fundi analaza bati hadi ukutani, anapiga plasta kwenye kona, inapendeza. Lakini bati linacheza kila siku na saruji haichezi. Baada ya miezi mitatu ufa upo, na saruji mbichi nayo imeshakwangua zinki.

Njia sahihi: bandua plasta ile. Kwa grenda, chonga mfereji ukutani wenye kina cha sentimita mbili hivi, sentimita 15 juu ya bati. Kunja bati jembamba, mafundi huliita fleshingi, makali yake ya juu yaingie kwenye mfereji huo na ya chini yalale juu ya migongo ya bati la paa, angalau mmoja na nusu. Ziba mfereji kwa kizibio kinachonyumbuka. Fleshingi ifungwe ukutani peke yake, isifungwe kwa nguvu kwenye bati, ili kila kimoja kicheze kivyake.

Jambo dogo lakini linaharibu mapaa mapya: ukikata bati au ukuta kwa grenda juu ya paa, cheche za chuma hutua kwenye bati, na kesho kila cheche ni doa la kutu. Bati lenyewe likate chini kwa mkasi wa bati, na fagia paa kabla hujashuka.

Kutu na matundu madogo

Sugua kwa brashi ya waya mpaka uone chuma king'aacho, futa kwa kitambaa chenye tina ya kuyeyushia rangi, paka redi oksaidi, ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, acha ikauke. Tundu dogo kuliko kidole: laza kitambaa cha nyuzi kilichozama kwenye lami ya paa, kisha tabaka la pili la lami siku inayofuata, likivuka ukingo wa tundu kwa sentimita 10 pande zote. Tundu kubwa zaidi: kata kiraka cha bati la aina ileile, ukingo wake wa juu uingie chini ya bati la juu. Kiraka kilichobandikwa juu tu hukusanya maji mgongoni. Likiwa bati moja lina matundu zaidi ya matano au sita, libadilishe.

Kama unavuna maji ya mvua, usitumie lami wala rangi yenye risasi sehemu ambayo maji ya kunywa yanapitia. Na inafaa uvune: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, hivyo paa la mita za mraba 100, kwa mvua ya milimita 550, linapokea lita 55,000 kwa mwaka. Hata ukipoteza moja ya tano, ni lita 44,000 ambazo hukuzinunua kwa dumu.

Mapaa ya kuficha

Tangu serikali ilipohamia huku kuanzia 2016, nyumba za paa lililofichwa nyuma ya ukuta zimeenea, Iyumbu, Ilazo, kila upande. Ni nzuri kwa macho, na ndizo zinazoniitisha usiku. Bati limelala, na gata liko ndani ya nyumba, juu ya chumba cha mtu. Gata la nje likiziba, maji yanamwagika uani. Hili likiziba, yanamwagika kitandani.

Ukiwa nalo, fanya mambo matatu kabla ya Desemba. Ondoa kila jani, mfuko na kiota kwenye gata. Mwaga ndoo mbili kwa mkupuo karibu na tundu la kutolea maji uone zinaishaje. Maji yakisimama zaidi ya dakika moja, bomba ni dogo au limeziba. Na kama hakuna mdomo wa dharura, toboa: tundu la kupita kwenye ukuta, sentimita chache chini ya ukingo wa gata, litakalomwaga maji nje siku bomba likishindwa. Nikiulizwa kitu kimoja tu cha kufanya kwenye nyumba hizi, nasema hicho. Angalia pia kichwa cha ule ukuta. Nyufa zake huingiza maji yanayoteremka ndani ya plasta na kuonekana kama bati linavuja.

Tembe

Kwa ndugu wa Chamwino, Bahi na vijiji vingine ambako nyumba ya udongo wa juu bado inakaliwa: tembe nalo lina matengenezo yake, na wazee wanayajua kuliko mimi. Kabla ya mvua ng'oa majani yote yaliyoota juu, kwa kuwa mizizi hufungua njia. Ziba nyufa kwa udongo uleule uliolowekwa, ongeza tabaka jipya, shindilia, na uache mwinuko mdogo maji yasisimame. Ndani angalia miti inayobeba. Tembe lililolowa ni zito sana, na mti ulioliwa ukivunjika hauonyi.

Dari na rangi, halafu malipo

Usipake rangi doa siku paa lilipozibwa. Acha dari ikauke wiki mbili au tatu. Kisha paka rangi ya mafuta kwenye doa peke yake, ndipo rangi ya maji juu yake. Ukiruka hatua hiyo, doa la kahawia litarudi hata kama hakuna tone lililoingia.

Ukiita fundi, mwombe akuonyeshe tundu kabla hajataja bei, na akuonyeshe kwa maji. Fundi anayetaka kupaka paa zima bila kupanda kwenye dari hajui linavuja wapi. Mkubaliane kiasi fulani cha malipo kibaki hadi mvua ya kwanza ya maana. Fundi mzuri hatakataa, kwa sababu naye usiku huo anataka kulala.

Mvua hiyo ikija, usisubiri doa. Hakikisha maji hayako karibu na nyaya, ingia ndani ya dari na tochi dakika kumi tangu ianze, na pitisha kiganja chini ya kila papi uliyoigusa mwezi wa kumi. Kavu, nenda ya pili. Ukikuta unyevu, weka chaki hapohapo, andika saa na upepo ulikotoka, na ushuke. Juu utapanda kesho asubuhi.